Mchezo Mfupi na Mchezo Mrefu: Upi Utufae?



Mpunga ukishavunwa na kuwekwa ghalani, vijana wetu hapa Majimoto hupata nafasi ya kucheza, na wazazi hupata nafasi ya kulalamika. Malalamiko yenyewe twayajua sote. Kibanda cha gemu kimejaa watoto toka asubuhi. Fulani ametumwa chumvi dukani, hajarudi mpaka mboga zimeungua. Fulani amekesha na simu, na kulipokucha ameshindwa kuamka. Mwishowe mtu husema, "Michezo imezidi siku hizi," wote huitikia, na mazungumzo huishia hapo.

Sisi twaona hayafai kuishia hapo, kwa sababu michezo yote si mamoja. Upo mchezo unaomwachia mtu akaenda zake, na upo mchezo unaomshika. Kuilaumu yote pamoja ni sawa na kulaumu chakula kwa kuwa mtu mmoja amevimbiwa. Basi katika ukurasa huu twataka kuuliza swali moja tu: kati ya mchezo mfupi, unaochezwa ukaisha na kuanzwa tena, na mchezo mrefu unaochukua majuma na miezi, upi unamfaa zaidi mtu mwenye kazi zake, jamaa zake na majirani zake?

Jibu letu twalitoa mapema: twapendelea mfupi. Walakini sababu zetu si za kuhesabu saa tu. Na kabla hatujamaliza itatubidi tukutane na mchezo mmoja mfupi kupita yote, ambao waelekea kutusuta.

1. Michezo tunayoisema

Tuanze na ile tuliyokua nayo. Watoto wa kike wanapocheza rede, mmoja husimama katikati akikwepa mpira; akipigwa hutoka, mwingine huingia. Katika mdako, kokoto huwekwa katika kishimo, moja hurushwa juu na nyingine hutolewa kabla ile haijashuka. Katika kombolela mmoja hufumba macho, wengine hujificha. Na aliyebaki mafichoni akiwahi kugusa kituo huwakomboa wenzake waliokwisha kukamatwa. Yote hiyo huisha kwa dakika chache, na yote huanzwa tena papo hapo, hata mara ishirini kabla jua halijatua.

Wakubwa nao wana yao. Drafti yahitaji ubao wa miraba 64 na vifuniko vya soda 12 kwa kila mchezaji, na mchezo mmoja huweza kuisha kabla chai haijapoa. Bao ni refu zaidi kidogo na ni gumu zaidi. Lina mashimo 32 katika mistari minne, na kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa katika nyumba, na kete 22 mkononi za kunamua. Zikiisha ndipo wanaingia katika mtaji. Ndugu zetu Wasukuma wana mchezo wa jamii hiyo hiyo uitwao isolo. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe, pamoja na mizigo yote ya nchi aliyobeba, alipenda kucheza bao. Lakini bao nalo, hata likiwa la mafundi, huisha. Mstari wa mbele wa mmoja ukiwa mtupu, au akikosa pa kwenda, amefungwa. Kete hupangwa upya.

Michezo ya mashine nayo ilianza hivyo hivyo. Mwaka 1984, mjini Moscow, Alexey Pajitnov alitunga Tetris, mchezo wa kupanga vipande vinavyoanguka. Mwaka 1997 kampuni ya Nokia ilitoa simu yenye mchezo wa nyoka, uliotengenezwa na Taneli Armanto, na baada ya hapo simu ndogo za kampuni hiyo zikauleta mpaka kwetu. Wengi wetu tuliocheza mchezo wa kwanza wa mashine maishani, tulicheza huo nyoka: anakula, anarefuka, anajigonga mwenyewe, amekufa, tuanze tena.

Katika vibanda vya gemu mtindo ni huo huo. Mechi ya mpira ya dakika 90 hufupishwa katika PlayStation ikawa dakika kumi hivi. Watu huilipia mechi moja moja. Aliyefungwa huachia pedi, mwingine huketi. Kibanda kingeweza pia kuwa na mchezo mrefu wa hadithi, mathalani Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa mwaka 2004. Huo huchukua makumi ya saa kuumaliza, na pasipo kadi ya kumbukumbu kazi ya leo hupotea mashine inapozimwa. (Habari zake pia ni za uhalifu na hazimfai mtoto, lakini hilo ni jambo jingine.) Palipo na watu kumi na mashine moja, mchezo wa namna hiyo haukai vizuri. Mmoja angecheza mwezi mzima na tisa wangetazama.

2. Mchezo mfupi unamwachia mtu

Sababu yetu ya kwanza ndiyo hii: mchezo mfupi una mlango, na mlango uko karibu. Mama akiita, mtoto hujibu, "Namaliza hii," na kweli humaliza. Kinachomwita mtu katika maisha ya kijiji hakipigi hodi mapema. Ng'ombe wameingia shambani, mgeni ameshuka kwenye basi, jirani amefiwa, wingu limetanda na mpunga umeanikwa nje. Mtu anayecheza drafti huinuka, na aliyekuwa akitazama hukaa mahali pake. Hakuna kilichoharibika.

Mchezo mrefu hauna mlango wa karibu hivyo. Una mlango mwishoni, na mwisho uko mbali. Kwa hiyo kila anayeitwa huona ameitwa katikati. Akiacha, anaacha kazi. Akirudi baada ya siku tatu amesahau alikuwa wapi na alikuwa akitafuta nini. Polepole wito wa watu huanza kuonekana kuwa usumbufu. Hapo ndipo twaona hatari, nayo ni kubwa kuliko saa zilizopotea. Saa mbili za drafti barazani na saa mbili za mchezo mrefu chumbani ni saa zile zile kwa kuhesabu. Lakini katika zile za kwanza mtu amebaki mtu wa kuitwa, na katika zile za pili amekuwa mtu wa kusumbuliwa.

Mwanachuoni wa Uholanzi, Johan Huizinga, katika kitabu chake juu ya michezo cha mwaka 1938, alieleza kwamba mchezo una mipaka yake ya mahali na ya wakati: unaanza, na kwa saa fulani umekwisha. Aliongeza kwamba ni tabia ya mchezo kuweza kurudiwa. Sisi twaafikiana naye. Mpaka ndio unaoufanya mchezo uwe mchezo. Ukiondoa mpaka, umebaki na jambo jingine, labda kazi isiyo na ujira, labda kifungo kisicho na askari.

3. Mchezo mfupi unawarudisha watu sawa

Sababu ya pili ni ya haki. Tuseme mzee wa miaka 70 anacheza bao na kijana wa miaka 20. Mzee ana shamba, nyumba na wajukuu; kijana ana shati moja la kutokea. Lakini wakiketi, kila mmoja ana kete 32. Mzee akishinda, hachukui kete za ushindi kwenda nazo katika mchezo wa pili. Zinapangwa upya, 32 na 32. Alichobaki nacho ni akili yake tu, na hiyo kijana naye aweza kuipata.

Mchezo mrefu kwa kawaida hufanya kinyume. Ndani yake mtu hulimbikiza: silaha, fedha za bandia, ngazi, mavazi, majumba. Aliyeanza mwaka jana yuko mbele ya aliyeanza leo, wala si kwa kuwa ni hodari zaidi, bali kwa kuwa alikuwa na nafasi zaidi. Na katika michezo mingine ya simu, mwenye fedha halisi hununua asichokuwa na nafasi ya kukitafuta. Basi mchezo umefanana na dunia ile ile tuliyotaka kupumzika nayo, ambapo mwenye nacho huongezewa.

Katika maisha maji yakimwagika hayazoleki. Mkulima aliyechelewa kupandikiza mpunga hapewi mvua nyingine. Neno baya lililomtoka mtu kikaoni halirudi kinywani. Ni jambo la huruma basi kwamba pako mahali padogo, ubao wa mti au uwanja wa vumbi, ambapo aliyeshindwa husema "tena" na wote wakakubali kwamba yaliyopita yamepita. Watoto wanaocheza kombolela hujifunza kwamba aliyekamatwa aweza kukombolewa na mwenzake aliyekimbia kwa ajili yake. Hatuhitaji kuwaeleza maana yake. Miguu yao yaijua kabla ya vichwa.

4. Mchezo mfupi unafundisha kwa kurudia

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini mtu atajuaje asirudie, ikiwa nafasi ya kujaribu ni moja? Mchezo mfupi humpa nafasi nyingi kwa bei ndogo. Ukifungwa drafti kwa kuacha pengo upande wa kushoto, baada ya dakika kumi umekwisha kuligundua pengo hilo, na mara ya tatu huliachi. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena kurudia si kufanya jambo lile lile. Anayeimba wimbo mara ya mia moja hauimbi kama mara ya kwanza. Mafundi wa bao huona mbele mizunguko ambayo mgeni haioni kabisa, na hawakufika hapo kwa kucheza bao moja refu. Walicheza mafupi maelfu. Hata Tetris, mchezo mdogo wa vipande tu, ulikaa zaidi ya miaka thelathini katika toleo lake moja la mwaka 1989 bila mtu kuufikisha ukingoni. Ndipo mwezi wa Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa Marekani alipocheza mpaka mashine yenyewe ikakwama. Mchezo uwezao kuelezwa kwa sentensi mbili ulikuwa na kina cha kutosha miaka yote hiyo. Kwa hiyo wasioupenda mchezo mfupi wasiseme ni wa juu juu. Kisima hakipimwi kwa upana wa mdomo wake.

5. Wanaotupinga

Wako wenye kutupinga kwa hoja nzuri, na yafaa tuwasikilize.

Wa kwanza husema: "Mchezo mrefu hufundisha saburi. Vijana wa leo hawawezi kukaa na jambo moja. Mkiwapa vipande vya dakika tano tano mtawaharibu zaidi." Hoja hii ina uzito. Twajua vijana walioanza mambo kumi na kumaliza moja. Lakini twauliza: saburi yenyewe itatumika wapi? Mtu ana kiasi fulani cha uvumilivu kwa siku, kama alivyo na kiasi fulani cha nguvu mkononi. Yako mambo marefu yanayotuita kila upande: kumlea mtoto mpaka ajitegemee, kukaa katika ndoa, kumsomesha mdogo wako, kuotesha miti ya vivuli ambavyo watakaa wengine, kumaliza nyumba ya tofali za kuchoma mwaka hadi mwaka. Mambo haya nayo yana ngazi, na yana siku ambazo hakuna linaloonekana kusogea. Anayetaka kujifunza saburi, walimu wako tele. Mchezo utupumzishe na marefu hayo ili tuyarudie na nguvu. Usije ukawa refu jingine la kushindana nayo.

Wa pili husema: "Mbona mwasifu kitabu kirefu, na hadithi ndefu ya bibi jioni? Mchezo mrefu nao ni hadithi." Ni kweli, mingine ni hadithi nzuri, na waliyoitunga walifanya kazi kubwa. Hatusemi ni dhambi kuifuata. Lakini hadithi ya bibi hukatwa na bibi mwenyewe anaposema, "Kalaleni, kesho tutaendelea." Kitabu hufungwa po pote kwa kipande cha karatasi, na kikifunguliwa hakimwambii msomaji arudie ukurasa kwa kuwa alikosea kuusoma. Mchezo mrefu humtaka mtu ashinde ndipo aendelee, na akisha kutumia saa arobaini huona haya kuacha. Husema, "Nimefika mbali mno." Mara nyingi amekwisha kuchoka nao, anachokiendea ni kumaliza tu, kama mtu anayekula ugali uliobaki kwa kuwa umepikwa.

Wa tatu hatumpingi. Yuko mgonjwa aliyelala miezi, yuko mlinzi wa usiku, yuko kijana aliyepelekwa mji wa mbali asiko na mtu. Kwao mchezo mrefu huweza kuwa mwenzi. Afadhali mwenzi huyo kuliko ukuta. Lakini hapo twajiuliza zaidi kuhusu sisi wengine: mbona mgonjwa huyo hajapata mtu wa kuja na ubao wa drafti?

6. Mfupi kupita yote

Sasa tukutane na ule mchezo tuliouahidi. Ikiwa twasifu ufupi na kurudia, basi mchezo ulio bora kuliko yote ungekuwa mashine ya kubahatisha ile itumbukizwayo sarafu. Raundi yake ni sekunde chache. Hurudiwa mara mia kwa saa. Haina hadithi, haina ngazi, yeyote aweza kuanza leo. Na wenzake wa kwenye simu ni hivyo hivyo: ndege inapaa, kiasi kinapanda, inapotea, weka tena. Je, hiyo ndiyo tunayoisifu?

Hasha. Lakini haitoshi kusema hasha. Yatupasa kueleza kwa nini, la sivyo hoja zetu zote za juu zitaanguka.

Tazameni mtu aliyesimama mbele ya mashine hiyo. Ameweka sarafu, imeliwa. Mchezo umekwisha? Kwa saa ndiyo. Kwake yeye haujaisha, kwa sababu sarafu iliyoliwa anaidai. Anaweka ya pili ili airudishe ya kwanza, na ya tatu ili azirudishe mbili. Hakuna raundi inayoanza upya. Kila moja imebeba deni la zile zilizotangulia. Kwa hiyo mashine hiyo, ijapokuwa yaonekana kuwa mchezo mfupi kuliko yote, ni mchezo mrefu uliokatwakatwa vipande. Huanza kwa sarafu ya kwanza na huisha mfuko unapokuwa mtupu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kinachojaa ni cha mwenye mashine, kwa kuwa imepangwa ili kwa jumla ibaki na sehemu ya yote yanayoingia.

Tena kurudia kwake hakufundishi. Aliyecheza mara elfu hajui zaidi ya aliyecheza mara moja, kwa maana hakuna cha kujua. Na tena haiwarudishi watu sawa, kwa sababu hakuna mtu upande wa pili. Mwanachuoni wa Marekani, Natasha Dow Schüll, aliyechunguza wachezaji wa mashine hizo mjini Las Vegas na kuandika kitabu mwaka 2012, aeleza jambo la kushangaza: wengi aliozungumza nao hawakucheza tena ili washinde. Walicheza ili waendelee kucheza. Huo ndio mchezo uliopoteza mpaka wake kabisa.

Nchi yetu ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na ina Bodi ya kuisimamia, na mtoto aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Lakini Bodi haikai kwenye kila duka la kijiji. Mtoto mwenye sarafu aliyopewa anunue daftari yuko chini ya macho yetu, si ya Bodi.

Kati ya mashine hiyo na drafti uko mchezo wa tatu, unaojificha vizuri zaidi. Ni kama ule wa simu wa kupanga peremende, Candy Crush Saga, uliotoka mwaka 2012. Kila raundi ni fupi na ya kupendeza, lakini raundi zimefungwa katika kamba ndefu ya maelfu ya ngazi. Mchezaji hupewa maisha matano. Yakiisha hungoja nusu saa kwa kila moja, au hulipa. Hapo mfupi na mrefu wameoana: ufupi unamvuta mtu aingie, urefu unamzuia asitoke. Mama aliyeanza "kupumzisha kichwa" dakika tano hujikuta akitazama saa ili maisha yarudi.

Basi twaweza sasa kusema kwa usahihi zaidi tunachokipenda. Si ufupi wa dakika peke yake. Twapenda mchezo unaoisha kweli kweli, usioacha deni. Unaowarudisha wachezaji sawa. Na unaomwacha mtu na ujuzi kidogo zaidi ya alioanza nao. Bao laweza kuchukua saa nzima na likawa na mambo hayo matatu. Mashine ya sarafu huchukua sekunde na haina hata moja.

7. Tufanye nini?

Wazazi, msianze kwa kufunga kibanda. Ulizeni kwanza kinachochezwa ndani yake. Watoto wawili wenye pedi mbili na mechi ya dakika kumi, mmoja akipisha mwingine, hawako mbali sana na rede ya mama zao. Mwekeeni mtoto hesabu ya michezo, si ya saa tu. Ukimwambia "cheza mitatu, kisha uje," umempa mlango anaouona. Ukimwambia "usichelewe," umempa ugomvi. Na akitimiza, msifu.

Vijana, jiulizeni maswali matatu kwa kila mchezo mnaoushika. Huu unaisha? Ukiisha, nadaiwa nini? Nikiurudia, najua nini nisichokijua jana? Jibu likiwa baya mara tatu, ondokeni, hata kama mfuko haujawa mtupu. Afadhali kuondoka na sarafu moja kuliko kungoja mashine iwaondoe. Na ninyi mlio katikati ya mchezo mrefu wa hadithi, hatuwafukuzi. Bali angalieni jambo moja dogo: mtu akiwaita, mwainuka na uso gani?

Wazee, ninyi mna kazi iliyo rahisi kuliko zote. Bao mnalo. Msilicheze ninyi kwa ninyi tu, mkiwaacha vijana wakisimama nyuma na kunyamaza. Lipo bao la kujifunza, ambalo kila shimo hupewa kete mbili na mtu akaanza kucheza bila kunamua. Liwekeni mbele ya mtoto wa darasa la nne. Nabii Zekaria alipoonyeshwa mji uliopata amani, aliona wazee wameketi na mikongojo yao, na njia zimejaa wavulana na wasichana wakicheza. Wote walikuwa katika mji mmoja, wakionana.

Mvua zitarudi mwezi wa Novemba au Desemba, na majaruba yatatuita sote. Kabla ya hapo iko miezi michache ya nafasi. Wenye maoni tofauti na haya na watuandikie; nafasi ya barua ipo, na hoja ya mchezo mrefu bado yaweza kutetewa vizuri kuliko tulivyoitetea sisi.